Sura ya 5: Risasi Kwanza, Bastola Baadaye

Leseni ya kumiliki silaha Tanzania haibebi jina la mtu peke yake. Inabeba pia aina ya silaha, ukubwa wa risasi zake na namba iliyochongwa kwenye chuma. Ndiyo maana mlengaji wa Ubungo, Dar es Salaam, akikosea kuchagua bastola hukaa na kosa hilo muda mrefu: hawezi kumwachia jirani, hawezi kubadilishana na mwenzake aliyekutana naye uwanjani, na akitaka kuiuza ili anunue nyingine, faili linafunguliwa upya. Wapo vijana wenye macho makali na mikono tulivu walioukatia tamaa mchezo huu, na ukichunguza utakuta wengi walinunua bastola iliyotengenezwa kwa kazi nyingine. Sura hii ni kwa ajili yao, na kwa yeyote ambaye bado hajatoa pesa mfukoni.

Sheria inayotawala jambo hili ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Ombi la raia huanzia pale anapolala: serikali ya mtaa, kisha kamati ya ulinzi na usalama ya kata, kisha ya wilaya, na kutoka hapo faili huendelea kupanda ndani ya Jeshi la Polisi hadi kwa msajili wa silaha. Wilaya ya Ubungo yenyewe ni changa, ilimegwa kutoka Kinondoni mwaka 2016. Mwaka huohuo serikali iliendesha uhakiki wa silaha, na wamiliki wakazibeba bastola na bunduki zao pamoja na vitabu vya leseni kwenda kukaguliwa polisi. Waliokuwa na karatasi zilizonyooka walirudi nyumbani na silaha zao. Nakushauri uishi kana kwamba uhakiki mwingine ni kesho asubuhi.

Katika barua yako ya maombi, kama nia yako ni michezo, andika michezo. Usiandike ulinzi wa duka kwa kudhani ndiyo njia nyepesi. Mjumbe wa kamati ana haki ya kukuuliza utalengea wapi, chini ya nani, kwa ratiba gani, na silaha italala wapi usiku. Ukiwa na majibu hayo kabla hujaulizwa, umeanza mchezo vizuri. Uwanja wa shabaha unaojulikana zaidi jijini ni ule wa Jeshi la Wananchi (JWTZ) kule Kunduchi: kutoka Ubungo unashika Sam Nujoma hadi Mwenge, halafu Barabara ya Bagamoyo. Lakini hiyo ni renji ya jeshi. Raia haingii kwa kujiamulia. Unaingia kwa ruhusa, kwa utaratibu uliopangwa, ukiwa na msimamizi. Kwa hiyo kabla ya bastola tafuta watu: walengaji wenye utaratibu, wenye mkufunzi na wenye mahali palipoidhinishwa. Bastola bila mahali pa kulengea itakaa kwenye sefu ikipata kutu.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe.

Bastola nyingi zinazomilikiwa kihalali na raia wa jiji hili zilinunuliwa kwa ajili ya ulinzi. Mwenye duka la jumla Manzese na mwenye kituo cha mafuta kando ya Barabara ya Morogoro walitaka kitu kidogo kinachofichika chini ya shati, na kwa kazi hiyo ufupi ni sifa. Mtu huyohuyo akialikwa uwanjani siku ya mashindano huja na silaha hiyohiyo. Anapiga, anakosa, anapiga tena, anakosa, na anaondoka akiamini kwamba hana kipaji. Kipaji anacho. Anachokosa ni milimita.

Kilengeo cha nyuma na kilengeo cha mbele ndivyo vinavyoyaambia macho yako mtutu umeelekea wapi. Kadiri vinavyotengana, ndivyo kosa la mkono linavyopungua likifika kwenye karatasi. Chukua Glock 17, bastola ambayo jeshi la Austria lilianza kuitumia mwanzoni mwa miaka ya 1980 na sasa imezagaa duniani. Kati ya vilengeo vyake kuna takriban milimita 165. Kilengeo cha mbele kikihama milimita 1 tu wakati unafyatua, kwenye mita 25 risasi itakuwa imehama kama milimita 150. Karatasi ya kimataifa ya umbali huo ina duara la 10 lenye kipenyo cha milimita 50, na kutoka hapo kila duara hupanuka milimita 25 kila upande. Tundu lako basi limeangukia kwenye alama 5. Ukiwa na bastola fupi ya kufichwa, yenye milimita 120 kati ya vilengeo, kosa lilelile la milimita 1 linakuwa milimita 208, na umepata alama 2. Bastola ya mashindano ya .22 inaruhusiwa kuwa na milimita 220 kati ya vilengeo na si zaidi. Hiyo, kwa mkono uleule na kosa lilelile, inakupa alama 6. Mlengaji ni mmoja, siku ni moja, pumzi ni moja. Sita, tano, mbili. Mtu akishaiona hesabu hii haamini tena kwamba bastola ndogo ya ulinzi inaweza kufanya kazi zote mbili.

Kabla ya kuchagua bastola, basi, chagua mchezo. Michezo ya bastola imegawanyika katika familia mbili kubwa na kila moja ina chuma chake.

Familia ya kwanza ni ya Olimpiki, chini ya shirikisho la kimataifa liitwalo ISSF. Mlengaji anasimama wima, mkono mmoja umenyooka, mwingine umepumzika. Ndani yake kuna bastola ya upepo ya mita 10, ambayo iliingia Olimpiki mwaka 1988, na bastola za .22 za mita 25. Wengi wetu tuliifahamu familia hii Julai 2024, pale picha za Yusuf Dikeç wa Uturuki zilipozunguka kwenye simu zetu: mzee wa miaka 51, fulana ya kawaida, mkono wa kushoto mfukoni, akichukua fedha ya timu mchanganyiko pamoja na Şevval İlayda Tarhan huko Châteauroux, Ufaransa. Watu walisifu kwamba amekuja bila vifaa. Tazama tena mkononi mwake. Ile ni bastola ya upepo ya mashindano, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo moja tu. Alichoacha nyumbani ni mapambo. Chombo chenyewe hakukipunguza hata kidogo, na somo langu lote katika sura hii limo katika picha ile.

Familia ya pili ni ya mbio na vikwazo. Shirikisho lake la IPSC lilianzishwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri, Marekani. Shirika la IDPA lilifuata mwaka 1996. Hapa mlengaji anatembea, anachomoa bastola kiunoni, anapiga shabaha kadhaa kwa mikono miwili huku saa ikihesabu. Kwa Afrika Mashariki familia hii imeshika mizizi zaidi Kenya. Chama cha kitaifa cha wamiliki wa silaha cha nchi hiyo kina uwanja wake Kirigiti, Kaunti ya Kiambu, na mashindano ya IDPA huchezwa pale. Kwa Mtanzania, Kirigiti ni karibu kuliko uwanja wowote wa Ulaya, ila silaha haivuki Namanga kama begi la nguo: vibali vinatakiwa pande zote mbili za mpaka, na huombwa mapema. Ukipata nafasi ya kwenda kutazama tu, bila silaha, nenda. Utaona wenyeji wanatumia nini na nini kinakwama.

Njia ya Jumuiya ya Madola imefungwa kwa sasa, na inaniuma. Kulenga shabaha kuliingia katika michezo hiyo mwaka 1966, na kuanzia 1974 hadi 2018 hakukukosekana hata mara moja. Birmingham 2022 kukaachwa, na Glasgow 2026 nako hakumo. Kwa nchi zetu yale yalikuwa mashindano makubwa ambayo mlengaji wa kawaida angeweza kuota kuyafikia. Sasa anayetaka jukwaa la dunia amebakiwa na njia ya ISSF, kupitia mashindano ya Afrika, ambako Wamisri wametutangulia kwa mbali.

Ukishachagua familia, usikimbilie dukani kuangalia bastola. Nenda kaulizie risasi.

Mlengaji anayepiga risasi 100 kwa wiki atamaliza 5,200 kwa mwaka. Zidisha idadi hiyo kwa bei ya risasi moja utakayoambiwa na muuzaji, na utagundua kwamba ndani ya muda mfupi risasi zitakuwa zimekula pesa nyingi kuliko bastola. Hapa nchini tuna Shirika la Mzinga la Morogoro linalotengeneza risasi, na wapo wauzaji wenye leseni. Wapitie wote. Swali lako lisiwe "mnazo?" Uliza kama zilikuwepo mwezi uliopita, na mwezi wa kabla ya huo, na kama ni za kiwanda kilekile. Bastola nzuri ajabu ya ukubwa adimu wa risasi ni chuma cha kutazama.

Kwa sababu hiyo, katika familia ya pili sioni haja ya kubishana: chukua 9mm, ile ya ganda la milimita 19 aliyoibuni Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20. Majeshi na polisi karibu dunia nzima wameichukua, kwa hiyo viwanda vingi vinaitengeneza na wauzaji huiweka. Kanuni za mchezo pia zinaikubali. IPSC huzidisha uzito wa kichwa cha risasi kwa kasi yake na kudai kiwango cha chini. Kwa kichwa cha gramu 8 kasi hiyo ni takriban mita 308 kwa sekunde, ambayo risasi ya kawaida ya 9mm huivuka bila shida. Anayekushawishi ununue ukubwa mkubwa zaidi ili upate "nguvu" anakuongezea teke mkononi na deni dukani.

Risasi ya .22 ina tabia zake na lazima uzijue. Ni nyepesi, kichwa chake ni kama gramu 2.6, haina teke la kumtisha anayeanza, na ni rahisi kununua kwa wingi. Lakini ganda lake limejengwa tofauti. Kwenye 9mm, fataki imekaa katikati ya kitako cha ganda kama kifaa kinachojitegemea. Kwenye .22, unga wa fataki umesambazwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini hugonga ukingo huo. Unga usipoenea sawasawa pini inagonga mahali patupu na hakuna kinacholipuka. Ukingo huohuo pia hujikwamisha ndani ya magazini iwapo risasi ya juu imekaa nyuma ya ile ya chini. Na kichwa chake kwa kawaida ni madini ya risasi matupu yaliyopakwa nta, hivyo uchafu hujaa haraka ndani ya chemba. Bastola ya .22 ni ya kutegemewa pale tu mwenyewe anapoisafisha na kuipa chapa ya risasi inayoipenda. Mbili za kiwanda kimoja, zilizotoka siku moja, zinaweza kupendelea chapa tofauti. Hakuna njia ya kujua ila kupiga karatasi. Chukua chapa tatu, egemeza mikono kwenye mfuko wa mchanga, piga tano tano kwenye mita 25, upime umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Chapa ambayo matundu yake yote matano yanafunikwa na duara la 10, la milimita 50, ndiyo yako, hata kama sanduku lake si zuri.

Kwa mwanafunzi wa Mlimani au fundi wa Mabibo anayeanza bila pesa nyingi, jibu langu ni bastola ya upepo. Risasi zake za milimita 4.5 zina uzito wa kama nusu gramu. Mita 10 zinapatikana ndani ya ukumbi wowote unaoweza kuidhinishwa na kuwekewa kizuizi cha nyuma kilicho imara. Hakuna baruti, hakuna mlipuko wa kuharibu masikio. Kukosekana kwa baruti kusikudanganye, ni silaha: pita polisi kabla ya kupita dukani, uulize taratibu zake. Na usidhani ni mchezo wa watoto. Duara la 10 kwenye karatasi yake lina kipenyo cha milimita 11.5. Kwa bastola yenye milimita 320 kati ya vilengeo, kilengeo kikiyumba milimita 1 risasi inahama milimita 31, na alama yako ni 7.

Bastola za upepo za kisasa hutumia mtungi mdogo wa hewa iliyoshindiliwa, kwa kawaida hadi bari 200. Hicho ni kiwango kilekile cha mitungi ya wazamiaji, na pwani yetu haikosi wazamiaji. Mtungi wa mzamiaji wenye kiunganishi sahihi utaujaza wako mara nyingi. Pampu ya mkono nayo hufanya kazi, ila hewa ya Dar es Salaam imejaa unyevu, na unyevu ukiingia ndani ya mtungi na vali, bastola itaanza kutoa kasi tofauti kila risasi. Ukitumia pampu, iwe na chujio la kukausha hewa, na ulibadilishe kabla halijachoka.

Sasa shika bastola.

Mpini ndio mahali ambapo macho hayasaidii. Ingiza kiganja juu kabisa, ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada ikibana chini ya mkia wa bastola. Mtutu ulale kwenye mstari mmoja na mfupa wa mkono. Ncha ya kidole cha shahada ifike kwenye triga bila kuupindisha mkono. Baada ya hapo, ukiwa umeikagua mwenyewe kwamba ni tupu na muuzaji naye ameikagua, ielekeze upande salama, fumba macho, inua mkono kama unalenga, kisha fumbua. Vilengeo vikiwa vimenyooka, mpini unakufaa. Vikiwa vimeangalia kushoto au juu kila unaporudia, utapigana na mpini ule katika kila risasi ya maisha yako. Watu wenye viganja vidogo, na hapa naongea hasa na dada zetu wanaouziwa bastola na wanaume wasiowauliza, wasikubali kuambiwa "utazoea". Bastola kadhaa za siku hizi huja na migongo ya mpini ya kubadilisha. Za Olimpiki huwa na mpini wa mbao unaochongwa kufuata kiganja cha mtu mmoja, wa kulia au wa kushoto. Károly Takács wa Hungary aliharibiwa mkono wa kulia na guruneti mwaka 1938. Akajifunza upya kwa kushoto, na akachukua dhahabu ya Olimpiki ya bastola za haraka mwaka 1948 na tena 1952. Mkono unafundishika. Mpini usiokaa haufundishiki.

Kuhusu triga kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Glock 17 tupu, bila magazini, ina uzito wa kama gramu 630. Triga yake ya kiwandani hudai nguvu ya takriban kilo 2.5. Maana yake kidole kinavuta kwa nguvu inayokaribia mara nne ya uzito wa chombo kizima, na mkono uliobaki lazima uzuie chombo kisifuate kidole. Kwa ulinzi uzito huo una sababu zake, kwani triga nzito haifyatuki kwa bahati mbaya. Kwa shabaha ni mzigo. Kanuni za ISSF zinadai triga isipungue gramu 1,000 kwa bastola za mita 25, huku bastola ikiruhusiwa kufikia gramu 1,400. Hapo triga ni nyepesi kuliko bastola, na mlengaji anaweza kuivuta bila vita. Kwa bastola ya upepo kiwango cha chini ni gramu 500. Ndiyo sababu CZ Shadow 2 ya Jamhuri ya Cheki, yenye uzito wa kilo 1.3 na ushee na triga laini, inaonekana sana katika mashindano ya IPSC: uzito unameza teke na triga haisukumi mtutu. Kumbuka tu kwamba kanuni hutofautiana kati ya madaraja, na bastola inayoruhusiwa katika mchezo mmoja inaweza kukataliwa mezani kwa ukaguzi wa mwingine. Soma kanuni za daraja lako kabla ya kulipa.

Usimruhusu fundi wa mtaani kukata springi au kusugua chuma ili kupunguza uzito wa triga. Nasema hivi kwa mkazo wote nilio nao. Triga iliyochezewa inaweza kufyatuka bastola ikianguka, au kufyatua risasi mbili kwa mvuto mmoja, na aliye karibu nawe ndiye atakayelipa. Ukitaka triga nyepesi, nunua bastola iliyozaliwa nayo.

Kutegemewa kwenyewe huanzia kwenye vitu vidogo. Watu hutazama mtutu, lakini kinachokwamisha bastola mara nyingi ni magazini. Midomo yake ya juu ikipinda kidogo, risasi inainuka kwa pembe isiyofaa na kugonga ukuta wa chemba. Springi yake ikichoka, risasi ya mwisho inachelewa kupanda. Ukinunua bastola iliyotumika, kagua midomo hiyo kwanza. Baada ya hapo tazama kucha inayovuta ganda isiwe imemeguka, pitisha mwanga ndani ya mtutu utafute uvimbe au mashimo ya kutu, na ulinganishe namba za kwenye chuma na zile za kwenye leseni ya anayeuza, tarakimu kwa tarakimu. Namba iliyokwaruzwa ni sababu ya kuondoka papo hapo.

Halafu hali ya hewa yetu. Ubungo haiko ufukweni, lakini upepo wa bahari na jasho la Machi havihitaji kuombwa. Chumvi ya kiganja peke yake inaweza kuacha alama za kutu kwenye chuma kisicholindwa. Usihifadhi bastola ndani ya mkoba wa ngozi, kwa sababu ngozi hunyonya unyevu na kuushikilia kwenye chuma usiku kucha. Baada ya kila siku ya kulenga, safisha, kausha, paka mafuta membamba, na uweke ndani ya sefu pakiti za kukausha unyevu. Wakati wa masika kagua hata kama hujapiga. Mafuta mengi nayo ni adui: hushika vumbi, na yakiingia kwenye fataki huiharibu risasi.

Sefu ina habari yake katika wilaya hii. Wengi wetu tunapanga. Nyumba ya vyumba sita vinavyotazamana Manzese, ukumbi mmoja, watoto wa wapangaji wote wakiingia na kutoka, si mahali pa kuficha bastola juu ya kabati. Sefu lazima ifungwe ukutani au sakafuni kwa bolti, na hilo linahitaji ridhaa ya mwenye nyumba. Risasi zikae kwenye kufuli tofauti. Kama huwezi kulitimiza hilo, usinunue bado. Lenga kwa silaha ya wenzako uwanjani chini ya msimamizi, mpaka utakapopata mahali pa kuishi panapoiweza. Na siku ya kwenda renji usipande nayo mwendokasi iliyojaa. Iwe tupu, ndani ya kasha lililofungwa, risasi pembeni, nakala ya leseni mfukoni, na safari iwe ya moja kwa moja.

Sehemu kubwa ya mazoezi haitumii risasi hata moja. Unailenga alama ndogo ukutani, ukuta imara usio na mtu nyuma yake, bastola ikiwa tupu na risasi zikiwa chumba kingine, na unavuta triga huku ukikitazama kilengeo cha mbele kisitikisike. Bastola nyingi za 9mm huvumilia mazoezi haya. Bastola nyingi za .22 haziyavumilii, kwa kuwa pini ikikosa ganda hugonga ukingo wa chemba yenyewe na kuuponda taratibu. Kwa hizo weka ganda la plastiki la mazoezi. Bastola za upepo za mashindano huja na swichi maalumu ya kazi hiyo, na ni sababu nyingine ya kuanza nazo.

Ukishaipata bastola, usiipeleke kwenye mashindano kabla haijapita mtihani. Andika namba kwenye kila magazini, 1, 2, 3, kwa rangi isiyofutika. Vaa miwani na vizuia sauti, maana mlio wa 9mm unavuka desibeli 150 na masikio hayaponi. Piga risasi 200 za chapa utakayoshindania, ukibadilisha magazini kwa zamu, na uandike kila kukwama: magazini ipi, risasi ya ngapi, ganda lilibaki ndani au risasi mpya ilikataa kuingia, au fataki imegongwa na haikulipuka. Kwa hilo la mwisho usifungue haraka. Shikilia mtutu kwenye shabaha, hesabu hadi 30, ndipo uitoe, kwani baruti inaweza kuchelewa. Zikipita 200 bila kukwama, bastola hiyo unaweza kuiamini siku ya mashindano. Zikikwama, daftari litakuonyesha mkosaji. Makosa yakijirudia kwenye magazini moja, itoe hiyo kwenye begi la mashindano na ununue nyingine ya kiwanda kilekile kilichotengeneza bastola. Yakitawanyika kwenye magazini zote, badilisha chapa ya risasi kwanza, safisha chemba, rudia 200 nyingine, na baada ya hapo ndipo umrudie aliyekuuzia.